Magunia Matano ya Nyongeza

Nimeuza dagaa tangu enzi za kubeba gunia mwenyewe kutoka kwenye mtumbwi hadi kwenye mizani. Leo nina maghala mawili Kirumba, na hakuna aliyenisaidia hata kununua turubai. Shule niliishia darasa la tatu. Nalisema hilo mapema kwa sababu wapo wanaosikia habari hii wakatikisa kichwa: "Mzee hakusoma, ndiyo maana." Siyo ndiyo maana. Waliosoma walikuwepo, wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, na karatasi zote zilipita mikononi mwao.

Kwanza nieleze jambo ambalo kwa mtu wa Mwanza halihitaji maelezo. Ukinunua dagaa sokoni Mwaloni, muuzaji akishajaza kipimo huchota tena kwa mkono na kukuongezea juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Hupaswi kuiomba. Ukilazimika kuiomba, basi huyo muuzaji ni mchoyo, na kesho unampita bila kumsalimia. Mimi nanunua kwa akina mama wanaoanika dagaa ng'ambo, upande wa Sengerema. Wao kila gunia likishafungwa huniongezea bakuli. Bakuli hizo sizichanganyi na mzigo, nazimimina pembeni kwenye turubai lake. Aliyenifundisha kazi hii alinionya kwamba nyongeza uliyopewa haiuzwi. Unampa anayenunua kwako, naye ampe anayenunua kwake, mpaka ifike kwenye sufuria. Ukiiuza umekula cha njiani. Nimeshika hilo maisha yangu yote na sijawahi kufilisika.

Sasa mnunuzi. Ni kijana wa hapa hapa mjini, ingawa kijana ni namna ya kusema tu, ndevu zimeshaingia mvi. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa, mchanganyiko wa Mwarabu na Msukuma kama familia nyingi za mjini, na yeye nimemjua akiwa na kaptula ya shule. Alihamia Durban, kule kusini, akakuta Wakongo, Wazambia na Wamalawi wanatafuta dagaa kama dawa. Akaanza kununua kwangu. Mwanzoni alikuwa akileta pesa mwenyewe, nusu kabla, nusu mzigo ukipakiwa. Nusu ya kwanza naipeleka kwa akina mama, wananunua dagaa wabichi, wanaanika, maisha yanakwenda.

Halafu biashara ikakua, naye akakua kichwa. Akanipigia simu.

"Mzee wangu, safari hii nataka kontena zima. Magunia mia nne. Lakini tupitie benki, kwa LC."

"Ndiyo nini?"

"Barua ya dhamana. Benki yangu inaiahidi benki yako kwamba ukishapakia mzigo melini na ukaleta karatasi zinazothibitisha, unalipwa. Mimi siwezi kukukimbia, na wewe huwezi kuniletea mchanga."

"Lini nimekuletea mchanga?"

"Hujaniletea, mzee. Ni utaratibu tu."

Hilo neno utaratibu silipendi. Zamani mtu akikudharau anakudharau wazi, lakini siku hizi anakwambia ni utaratibu. Hata hivyo nilikubali, maana kontena zima si mchezo. Barua ilipofika benki nikaitwa. Binti aliyenipokea pale alikuwa na adabu, shikamoo yake ilitoka kabla sijafika mezani, na alinisomea barua yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Magunia mia nne ya dagaa wakavu. Yatoke Dar es Salaam yafike Durban. Karatasi ya meli, ankara, cheti cha afya ya samaki, na nyingine ambazo nimezisahau kwa makusudi.

"Mzee, naomba hili ulishike," akasema. "Benki haiangalii dagaa. Inaangalia karatasi. Karatasi zikifanana na barua, unalipwa. Zisipofanana, hulipwi, hata kama dagaa wako ni wazuri kuliko wote ziwani."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa. Nilielewa kwamba nisipunguze. Nani angefikiri kuna sheria ya kukataza kuzidisha?

Nikavuka kwenda ng'ambo. Wakati huo daraja lilikuwa bado, tunapanga foleni Kigongo tukisubiri kivuko. Nikawaeleza akina mama kwamba safari hii hakuna nusu ya mwanzo, ila pesa yote itakuja kwa mkupuo, na benki mbili zimeapa. Kiongozi wao ni mama mmoja mrefu, mikono yake imekauka kwa jua kama mbao za chanja anazoanikia. Akaniuliza jambo moja tu.

"Itafika kabla ya giza?"

Giza analolisema ni la mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haina maana mwezi ukiwa unang'aa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika. Mwezi ukiisha mitumbwi inaingia ziwani, na siku za mwanzo ndipo dagaa wabichi wanapopatikana kwa bei ya kueleweka. Mwanamke asiye na pesa mkononi siku hizo anaangalia wenzake wakinunua, chanja zake zinabaki tupu mpaka mwezi mwingine, na nyumbani wanakula walichonacho, yaani hakuna.

"Itafika," nikasema.

"Wewe ndiye uliyesema," akajibu, na wakaanza kufunga magunia.

Walifunga mia nne, na juu ya kila moja bakuli, kama kawaida. Bakuli zile tulipozipakia zikatoa magunia matano kamili. Mzigo ukaenda Dar es Salaam kwa lori. Wakala wangu wa bandarini akanipigia.

"Mzee, hapa naona magunia matano yamezidi. Niyashushe?"

"Ya nyongeza hayo. Yapakie."

"Niyaandike?"

"Ulitaka uyafiche? Mimi si mtu wa kupitisha vitu kwa kificho. Andika kila mahali: magunia mia nne na tano, matano ni nyongeza, hayalipiwi."

Akaandika. Nampa haki yake, aliandika vizuri sana. Kila karatasi ilisema hivyo hivyo, na meli ikaondoka.

Nilikwenda benki nimevaa kanzu niliyoinunua kwa harusi ya mwanangu. Nilibeba na mfuko mdogo wa dagaa wa mzigo ule ule, ili mtu akiwa na shaka aone. Mlinzi wa mlangoni alinusa, akaniangalia, akanusa tena.

"Mzee, hii unaiweka kwenye akaunti?"

"Fungua mlango."

Yule binti alipokea karatasi akazisoma. Alisoma ya kwanza, akarudi kwenye barua ya dhamana, akasoma ya pili, akarudi tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya vipimo vya dagaa wabichi. Akainua uso.

"Mzee, umepakia magunia mia nne na tano."

"Ndiyo."

"Barua inasema mia nne."

"Mia nne ndiyo anayolipia. Matano nimempa."

"Umempa?"

"Nyongeza. Wewe hununui sokoni, binti?"

"Nanunua, mzee. Na naongezewa." Alishusha sauti, nadhani alinionea huruma, jambo lililoniudhi zaidi. "Lakini kwa LC hairuhusiwi. Barua imetaja idadi ya magunia. Likizidi moja, karatasi zina hitilafu."

"Hata kama ni bure?"

"Hata bure."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Hata bure. Akasema hayo si maneno yake, ni kanuni za mabenki ya dunia nzima, zimeandikwa, na waliozitunga walilifikiria hata hilo la bure. Nilijaribu kujenga picha ya hao watu wamekaa mezani mahali fulani, wamevaa suti, na mmoja ananyoosha mkono: jamani, je, mtu akitoa zawadi? Wanatazamana. Wanaandika: akataliwe.

"Basi futa hayo matano."

"Siwezi kufuta karatasi ya meli, mzee. Na magunia yako baharini."

"Basi onja." Nikaweka ule mfuko mezani. "Onja uone kama ni dagaa wa kukataliwa."

"Mzee, tafadhali. Kiyoyozi kitaisambaza harufu."

Wateja kwenye foleni walikuwa wameshageuka. Nikauchukua mfuko wangu. Binti akanieleza lililobaki: watazituma karatasi Durban hivyo hivyo na hitilafu yake, na kule mnunuzi ataulizwa kama anaikubali. Akikubali, nalipwa. Akikataa, karatasi zinarudi kwangu, na kontena linakaa bandari ya watu likidaiwa gharama za kukaa.

Nikatoka nimetulia kidogo. Mnunuzi ni mtoto wa hapa. Amekula nyongeza tangu hajaota meno. Atacheka, atakubali, yataisha.

Nilipompigia, kweli alicheka. Halafu akanyamaza kidogo, na mimi niliyeuza miaka yote hii naujua ule unyamavu. Ni unyamavu wa mtu anayepiga hesabu.

"Mzee wangu, hitilafu ni hitilafu. Benki imenitumia barua, inauliza. Nitakubali, lakini itabidi bei ishuke. Tukate sehemu moja ya tano."

"Moja ya tano kwa kosa gani?"

"Magunia yamezidi."

"Nimekupa zaidi, halafu unilipe pungufu kwa sababu nimekupa zaidi."

"Mimi nakuelewa, mzee. Ni utaratibu."

Nikakata simu. Sikumuaga.

Siku zile nililala vibaya na niliamka vibaya. Mke wangu alinipikia mboga nikamwambia haina chumvi, akaniambia chumvi ipo mezani, mkono ninao. Kila aliyenisimamisha mjini alikuwa na ushauri. Mmoja akasema nishtaki. Mwingine akasema ningesoma Kiingereza. Mwalimu mmoja mstaafu, tunaswali naye, akanieleza kwa utaratibu mzuri kwamba benki ina haki, maana inasimama kati ya watu wasiojuana. Nikamuuliza, mimi na yule mtoto hatujuani? Akasema benki haijui kama mnajuana. Hilo ndilo lililonimaliza. Nimejuana na watu miaka yote ili baadaye nipate mahali ambapo kujuana hakuhesabiwi.

Mwezi nao ulikuwa unapungua. Nikaona heri niende ng'ambo niwaambie kwa mdomo wangu, wasije wakasikia sokoni.

Nilimkuta kiongozi wao anafuma upya wavu wa chanja uliotoboka. Chanja zote zilikuwa tupu. Hakusimama.

"Umetuletea nini?"

"Maneno."

"Maneno tunayo ya kutosha. Tunaweza hata kukuuzia."

Nikawaeleza. Nilipofika pale pa magunia matano, mmoja akauliza, "Wanakataa kulipa kwa sababu umewazidishia?" Nikasema ndiyo. Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini mchangani, na mwingine akasema basi wakwe zake wote wawe benki, wakatae kuzidishiwa. Nami nikajikuta nacheka, bila kupenda. Kiongozi wao peke yake hakucheka. Alikata uzi kwa meno.

"Giza likianza tununue dagaa kwa pesa gani?"

"Ninalishughulikia."

"Moja ya tano anayoitaka, inatoka kwa nani?"

"Kwangu. Ninyi bei yenu ni ile ile."

"Na akikataa kabisa?"

"Benki..."

"Usinitajie benki." Sasa akaniangalia. "Benki hatuijui, hatujapata kuiona hapa ikinunua hata kisado. Dagaa tulikupa wewe. Ulisimama hapo hapo ulipo, ukasema itafika kabla ya giza. Mimi niliwaambia hawa wenzangu, mzee wa Kirumba akisema amesema. Wengine walitaka kumuuzia mtu wa Kisesa aliyekuja na pesa mkononi. Nikawazuia."

Ningeibiwa ghala zima ningesikia uchungu, lakini si kama ule. Pesa hurudi. Mwanamke aliyewazuia wenzake kwa ajili yako, akija kuonekana mjinga mbele yao, harudi.

Nilirudi Kigongo, na kivuko kilipotutua nikasogea pembeni ya foleni ya malori nikampigia mnunuzi. Nilikuwa nimeamua kukubali moja ya tano yake. Nilikuwa nimeamua kabisa. Lakini nilipoisikia sauti yake, "Shikamoo mzee wangu," laini kama hakuna kitu, nikabadilika.

"Marahaba. Nakuuliza jambo moja, unijibu kama mtoto wa babu yako. Dagaa huko wameshuka bei?"

Akaanza kukohoa.

"Nakuuliza."

"Mzee, suala ni hitilafu ya..."

"Magunia niachie mimi, nimeyahesabu mwenyewe. Wewe ukiletewa nyongeza unaumwa tumbo? Babu yako alimpimia mama yangu khanga, akamwongezea kipande cha kushonea mfuko, na hakuna aliyekwenda polisi. Soko limeshuka au halijashuka?"

Nyuma yake nilisikia honi za magari.

"Limeshuka," akasema. "Limeshuka vibaya, mzee. Wazambia wameleta dagaa wao, wamejaza mji. Nikichukua mzigo wako kwa bei tuliyoandika, nauza kwa hasara."

"Sasa kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Kwa sababu soko likishuka hilo ni langu. Kwenye LC nikisema soko limeshuka, benki haijali, inakulipa. Hitilafu ndiyo mlango pekee."

"Mlango wa choo," nikamwambia. "Ungekuja na mlango wa mbele. Ungesema, mzee, nimeumia, tusaidiane. Lini nimekataa kusaidia? Lakini kunifanya mimi ndiye mwenye kosa kwa kitu nilichokupa kwa mkono wangu, hilo silikubali mpaka naingia kaburini."

"Samahani, mzee," akasema.

"Haya. Sasa tuongee bei."

Tukaongea bei. Hapo nilikuwa kwenye kazi yangu. Yeye akalia na Wazambia wake, mimi nikalia na mafuta ya lori, akataja, nikacheka, nikataja, akamwita Mungu. Dereva mmoja wa lori la ng'ombe alizima injini kabisa ili asikie vizuri, na tulipokaribia kuafikiana akaninong'oneza, "Mzee, usishuke tena." Sikushuka. Tuliishia nusu ya ile aliyotaka kukata. Ilikula faida yangu yote na gharama ya usafiri juu yake, lakini bei ya akina mama ilibaki nzima, na siku ile ile akaiandikia benki yake kwamba amekubali hitilafu.

Pesa ilipoingia, binti wa benki aliniita kusaini. Nikaona pana makato nisiyoyajua.

"Hii ni nini?"

"Ada ya hitilafu, mzee. Ya benki ya kule."

"Nimetozwa kwa kutoa zawadi?"

"Umetozwa kwa karatasi kutofanana." Akajaribu kunifariji. "Safari ijayo kuna njia. Mwambie mnunuzi waandike kwenye barua 'takriban magunia mia nne.' Likiwemo neno takriban, unaruhusiwa kuzidi kidogo."

"Takriban?"

"Ndiyo. Maana yake karibu na hapo, zaidi au pungufu."

"Kwa hiyo mimi, ninayejua magunia yangu moja moja, niandike kama mtu asiyejua kuhesabu, ndipo niruhusiwe kumzidishia mtu."

Alifikiri. Kwa uaminifu wake akasema, "Ndiyo, mzee."

Nikasaini. Mpaka leo neno hilo silitumii. Wenzangu wa Kirumba wanaosafirisha nje wanalitumia, wanasema ni rahisi, halina gharama. Na wasafirishe. Mimi nikipimiwa bakuli nitasema ni bakuli.

Nilivuka na pesa siku mitumbwi inaanza kuteremshwa majini. Akina mama walinipokea bila shangwe, kila mmoja akahesabu yake, akaifunga kwenye pembe ya khanga, akaondoka haraka kwenda kuwahi wenye mitumbwi. Kiongozi wao alibaki mwisho.

"Wewe umebaki na nini?"

"Sijabaki na kitu."

"Nilijua. Uso wako huwezi kuuficha." Akakaza fundo la khanga. "Dagaa wa giza hili tutakupa. Lakini nusu mkononi kwanza, kama zamani."

"Nimewalipa kamili. Kabla ya giza, kama nilivyosema. Halafu mnaniwekea masharti?"

"Wewe hatukuwekei. Wewe tunakuamini, na tutakuamini. Huyo wa tatu anayekaa kati yako na mnunuzi ndiye hatumjui. Akikubana, unabanwa wewe, na sisi tunakaa hapa tunakodolea mwezi macho."

Nilitaka kubishana. Nilitafuta neno, na kila nililolipata lilikuwa la binti wa benki au la yule wa Durban. Langu mwenyewe sikuliona. Nikamwambia nusu nitaileta keshokutwa. Aliitikia kwa kichwa tu, akaniacha pale, akateremka majini na ndoo mbili, na nikamsikia anamwambia mwenye mtumbwi wa kwanza kwamba bei yake ni ya wizi na yeye hajazaliwa leo.